KENGELE YALIA DODOMA, UGONJWA UKO NJIANI MLALI!

Wiki hii naomba tuziweke kando habari za nani kamwacha nani na nani kaonekana kwenye gari la nani. Leo ninayo kesi nyingine ya mapenzi, ila wapenzi wenyewe ni mashine mbili zinazoongea kwa mwanga, na zikinuniana wanaoumia ni mimi na wewe.

Hivi umeshajiuliza, siku simu ikigoma, umeizima na kuiwasha mpaka kidole kinauma, wa kwanza kutukanwa huwa ni nani? Ni wakala wa pesa aliyekaa chini ya mwavuli wake. Wa pili ni yule dada wa huduma kwa wateja anayekwambia subiri. Wa tatu ni serikali. Wa nne, kwa wale wenye imani zao, ni jirani. Anayekumbukwa mwisho, tena kama atakumbukwa, ni uzi wa kioo uliozikwa kando ya barabara.

Uzi huo ndio nauzungumzia leo. Kwa kuwa wengi wetu tunaamini mtandao unashuka kutoka mawinguni kama mvua, kaa mkao wa kula nikupashe.

MTANDAO HAUTOKI ANGANI

Mnara unaouona kilimani unaongea na simu yako kwa mawimbi ya redio, hapo sina ubishi. Lakini mnara peke yake ni kama spika isiyo na redio. Maneno yako lazima yatoke pale mnarani yafike Dodoma, Dar es Salaam, na pengine mpaka London kwa shangazi. Minara mingine hupokezana kwa redio, zile sahani nyeupe za mviringo kama ngoma. Mingine, pamoja na ile njia kuu inayobeba mizigo ya wote, hutumia nyuzi za kioo ambazo mafundi wanaziita "faiba".

Uzi mmoja una unene wa maikroni 125. Ukipanga nyuzi nane ubavu kwa ubavu ndipo unapata milimita moja. Tena mwanga haupiti kwenye unene wote, unapita katikati kwenye kiini cha maikroni 9 hivi. Aliyeonyesha kwamba kioo kikisafishwa sawasawa kinaweza kubeba mawasiliano ya masafa marefu ni Charles Kao, mwaka 1966 akiwa Uingereza. Watu walimwona kama anaota. Mwaka 2009 wakampa tuzo ya Nobel.

Mwaka huo huo wa 2009 ndipo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza hapa kwetu, mkandarasi akiwa kampuni ya CITCC ya China. Kufikia 2012, awamu mbili za mwanzo zilikuwa zimefikisha kilomita 7,560, na mwendeshaji wake ni TTCL. Kule baharini nako waya wa SEACOM ulianza kazi 2009, EASSy ukafuata 2010. Bara na bahari vikashikana mikono.

Sasa ukitaka kujua kwamba mtandao hautoki angani, kumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024. Nyaya hizo mbili, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu baharini kule upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Huku Bongo minara yote ilikuwa imesimama wima, salama salimini, lakini intaneti ikawa ya kulambishwa kwa kijiko. Mnara mzima, njia mbovu!

MLALI IPI HIYO?

Nazungumzia Mlali ya Kongwa, mkoani Dodoma, siyo ile Mlali ya Mvomero kule Morogoro. Watu huzichanganya sana, hata mizigo hupotea.

Kongwa wengine wanaijua kwa ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa mbwembwe na matrekta, ukafa 1951 karanga zenyewe hazijaonekana za maana. Wengine wanaijua kwa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika miaka ya 60. Sisi vijana wa leo tunaijua kwa ranchi ya ng'ombe na kwa soko la mahindi la Kibaigwa, lililo kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma.

Mlali yenyewe inalima mahindi, alizeti, karanga na mtama. Mavuno yakiiva, wanunuzi wanaingia na malori. Na siku hizi nani anatembea na fungu la noti? Pesa inapita kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008, na tangu hapo mkulima wa Ugogo na simu yake ni kama mlango na komeo.

Ndiyo maana mtandao ukikatika Mlali, usifikiri vijana wamekosa kuangalia video tu. Ukikatika, soko linasimama.

JUMAMOSI YA KIZAAZAA

Nilikuwepo Mlali Jumamosi moja ya masika, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye saa 2 asubuhi simu zote za mtandao mmoja, ambao jina lake nitalimezea, zikazima kama taa. Wenye laini za mtandao ule ndio walikuwa wengi kuliko wote pale.

Kilichofuata kilikuwa kasheshe. Mzee mmoja alikuwa ameshapakiza magunia yake ya alizeti kwenye lori. Mnunuzi, kijana wa makamo, anaapa amelipa.

"Mzee wangu, nimeshatuma tangu asubuhi. Tazama hapa."

"Mwanangu, mimi sijaona meseji. Shusha magunia."

"Shikamoo mzee, naomba tusifike huko."

"Marahaba. Shusha magunia!"

Watu wakajaa. Wengine wanamwita kijana tapeli, wengine wanasema mzee ana tamaa, kapata pesa anajifanya hajaona. Wakala wa pesa naye kafunga kibanda, kakimbilia nyumbani, maana alishaambiwa kwamba yeye ndiye "kazificha".

Hilo la alizeti lilikuwa la kuchekesha kidogo. La pili halikuchekesha hata chembe. Kitongoji cha jirani kulikuwa na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Ndugu zake wakapiga 115, ile namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Simu haitoki. Wakapiga tena. Haitoki. Mashemeji wawili wakakimbia kwa miguu kwenye tope kutafuta gari, na kilichopatikana ni lori lile lile la alizeti. Mzee na mnunuzi wakaacha ugomvi, magunia yakashushwa kweli, mama akapandishwa. Alifika kwenye huduma na akajifungua salama. Lakini jamani, tusijidanganye. Ingeweza kwenda vingine.

Jioni nikamganda fundi aliyekuja kutengeneza, mtu mzima, pikapu imejaa tope mpaka kwenye kioo. Akanikubalia niandike, kwa sharti nisimtaje yeye wala kampuni yake. Yote ninayokusimulia hapa chini ni darasa lake, na mengine nimejisomea mwenyewe baadaye.

MAPENZI YA MASHINE MBILI

Fikiria vituo viwili. Kimoja kiko barabara kuu, tukiite Barabarani. Kingine kiko Mlali. Kati yao kuna faiba mbili ndani ya waya mmoja. Moja inabeba sauti ya Barabarani kwenda Mlali, nyingine inabeba sauti ya Mlali kwenda Barabarani. Yaani mmoja ni mdomo, mwingine ni sikio, kila upande.

Sasa chukua faiba ile ya kwenda Mlali ikatike, ile ya kurudi ibaki nzima. Mlali haioni mwanga tena. Inawasha taa nyekundu, kengele ambayo mafundi wanaiita LOS, maana yake ishara imepotea. Lakini Mlali bado ina mdomo! Inatumia ile faiba nzima kumwambia mwenzake, "mpenzi, sikusikii." Barabarani ikipata ujumbe huo inawasha taa ya njano. Hiyo ndiyo kengele ya mbali. Kwenye mitambo ya mfumo wa SDH huitwa RDI, kwenye mitambo mipya ya OTN huitwa BDI. Majina hubadilika, maana ni ile ile.

Haya, sasa swali la mtihani. Taa ya njano imewaka Barabarani. Mbovu ni nani?

Ukijibu "Mlali, kwa sababu kengele inasema ni ya mbali," umekula chenga. Ukijibu "Barabarani, kwa sababu ndiko taa ilikowaka," nawe umekula chenga. Ni kama mpenzi wako kukwambia kwenye simu "sikusikii". Labda sauti yako imekauka. Labda njia mbovu. Labda sikio lake limeziba. Washukiwa ni watatu: anayesema, njia, na anayesikiliza. Kengele ya njano inakwambia jambo moja tu la uhakika, kwamba sauti YAKO haifiki. Sauti YAKE wewe unaisikia vizuri, ndiyo maana umeweza kupata malalamiko yake.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata wenye vyeti ukutani.

KILICHOTOKEA SIKU ILE

Chumba cha uangalizi cha kampuni ile kilikuwa mbali kabisa, huko mjini. Kwenye kioo chao Mlali ilikuwa imepotea, haijibu, kwa kuwa ili uongee na mtambo unahitaji njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kengele pekee waliyokuwa wakiiona ni ile ya njano ya Barabarani. Nyekundu yenyewe ilikuwa inawaka Mlali peke yake, ndani ya kontena lililofungwa kufuli, bila mtu wa kuitazama.

Aliyekuwa zamu akasoma neno "mbali" akatafsiri kwamba mtambo wa mbali umekufa. Akaamuru kadi mpya ipelekwe Mlali. Kijana akapanda pikipiki na kadi yake kwenye begi, akapambana na tope, akafika saa 7 mchana, akabadilisha. Taa ikabaki nyekundu kama jicho la mlevi. Saa tano zimepita, kadi ya bei mbaya imetolewa boksini, na mgonjwa wala hajaguswa.

Ndipo akaitwa huyu mzee wetu wa pikapu.

PIMA, USIBUNI

Mzee hakubadilisha kitu. Alitoa kidude kidogo cha kupimia nguvu ya mwanga. Akafika Mlali, akachomoa faiba inayoingia, akaisafisha ncha yake kwa kitambaa maalumu, akapima. Kidude kikaandika hakuna kitu. Akampigia mwenzake aliye Barabarani kwa laini ya mtandao mwingine (mafundi wote wana laini tatu, sasa najua sababu).

"Kaka, mtambo wako unatoa ngapi?"

"Sifuri, mzee."

Usicheke. Sifuri hapo siyo patupu. Mwanga hupimwa kwa kipimo kinachoitwa dBm, ambapo sifuri ni miliwati 1 kamili. Kinakwenda kwa logi, zile zile logi tulizozichukia sekondari. Kila ukishuka 3, mwanga umepungua nusu. Hasi 28 ni chini ya sehemu 2 kwa 1,000 za miliwati, na bado kuna mitambo inasikia kunong'ona huko. Kioo kizuri hula kama 0.2 kwa kila kilomita, kwa hiyo hata kilomita 50 zinameza 10 tu. Kama Barabarani inatoa sifuri na Mlali inapokea patupu, anayesema mzima. Na kwa kuwa kadi ya kusikilizia imeshabadilishwa na hali ni ile ile, anayesikiliza naye mzima. Mshukiwa aliyebaki ni mmoja: njia.

Kama Barabarani ingekuwa inatoa hasi 30, kosa lingekuwa leza yake. Kama Mlali ingepima mwanga wa kutosha kwenye ncha ya faiba huku kadi inalia nyekundu, kosa lingekuwa kwenye kadi. Vipimo viwili tu, dakika 10, na washukiwa watatu wanachambuliwa kama mchele.

Mzee akanipa na onyo nami nakupa wewe: usichungulie kamwe ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kukuunguza jicho. Na vipande vya kioo vinavyokatwa ni kama miiba isiyoonekana. Ukifanyia kazi mezani, usile hapo.

MWANGWI WA KILOMITA 11

Njia ni mbovu, sawa. Lakini mbovu wapi? Huwezi kufukua kuanzia Barabarani mpaka Mlali.

Hapa inaingia mashine inayoitwa OTDR. Kazi yake ni kama wewe kupiga kelele bondeni ukasikiliza mwangwi. Inatuma kipande cha mwanga, kikigonga penye kasoro kidogo kinarudi, nayo inahesabu muda. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Ukirudi baada ya sehemu 110 za milioni za sekunde, umekwenda na kurudi kilomita 22, basi kasoro iko kilomita 11.

Ndivyo ilivyosomeka siku ile kutokea Barabarani, kilomita 11 na ushee. Mzee akacheka, akasema tuanze kutafuta kabla ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu waya hauendi sawa na barabara. Kwenye kila shimo la maungio huwa wameviringisha mita kadhaa za akiba. Mashine inapima waya, gari linapima barabara. Asiyejua hilo hufukua shamba la mtu bure, akafukuzwa na panga.

Tukatembea. Tukafika kwenye korongo. Mvua ilikuwa imekula udongo mpaka bomba la waya linaning'inia hewani kama kamba ya nguo, na sanduku la maungio limevutwa. Ila mvua haikuwa peke yake. Kwenye bomba la plastiki kulikuwa na alama mbili za panga, mbichi kabisa. Kuna mtu aliona waya umechomoza akadhani kapata shaba.

Wapenzi wasomaji, nisikilizeni vizuri: faiba haina shaba! Ndani ni kioo, plastiki, na nyuzi za kuimarisha. Hakuna mnunuzi wa chuma chakavu atakayekupa hata pesa ya vocha. Aliyepiga panga pale hakuambulia kitu, na mama wa watu nusura ajifungulie njiani.

Ndani ya sanduku faiba moja ilikuwa imekatika, jirani yake nzima. Mafundi wakazikata ncha, wakazisafisha, wakaziingiza kwenye mashine ndogo inayoziyeyusha kwa cheche zikashikana. Kazi yote kwa mwanga wa tochi, mwavuli juu, nami nikiwa mshika tochi. Kule Mlali wakapima tena: hasi 9. Bomba! Kwenye saa 3 usiku simu zikaanza kulia meseji za tangu asubuhi, mfululizo. Ya mzee wa alizeti ikiwemo. Kijana wa watu alikuwa amelipa kweli.

MVUA YA KENGELE

Nikamuuliza mzee, kwani chumba cha uangalizi hakina wataalamu? Akasema wapo, na wengine ni moto wa kuotea mbali, ila usiwaonee. Njia kuu ikikatika, kioo chao hujaa kengele mamia kwa dakika moja. Kituo kinachokosa mwanga humpasha aliye mbele yake kwa kengele nyingine iitwayo AIS, yaani "usihangaike na mimi, tatizo liko nyuma yangu". Huyo naye anampasha wa mbele. Kila mzigo uliokuwa ukipita unalia kivyake.

Kanuni yake ni hii: mti ukianguka usihesabu majani. Anza na mwanga kwanza. Upo au haupo? Kisha ndipo uangalie mpangilio wa data, kisha huduma. Halafu tazama saa, nani alilia wa kwanza? Ndiyo maana saa za mitambo lazima zilingane, la sivyo unamfunga asiye na hatia.

Na kabla ya yote, ulizia umeme. Mitambo hii hula volti 48 kutoka kwenye betri, betri zinajazwa na umeme wa gridi, jenereta au jua. Kituo kikilia "umeme umekatika", baadaye "betri iko chini", kisha kimya, huyo hakukatwa waya, huyo kafa njaa. Mitambo mingine hutoa hata ujumbe wa pumzi ya mwisho kabla ya kuzima. Lakini kama njia ilikatika ghafla bila malalamiko ya umeme, na pande zote mbili zinalia nyekundu kwa pamoja, basi chukua koleo, waya umekatika wote.

KWA NINI MLALI NA SIYO MJINI?

Hili ndilo lililoniuma. Mijini na kwenye njia kuu, waya huzungushwa kama pete. Ukikatwa upande mmoja, mwanga unageukia upande wa pili, na viwango vya kazi hiyo vinataka iwe ndani ya sehemu 50 za elfu za sekunde. Hujapepesa jicho. Wewe wa mjini unaendelea kuchati bila kujua kwamba kuna watu wanafukua.

Mlali siku ile ilikuwa tawi. Njia moja ya kuingia, hiyo hiyo ya kutoka. Ikikatika, kwaheri.

Ni kweli minara inaongezeka. Mei 13, 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mnara bila njia ya pili nyuma yake ni kama nyumba ya mlango mmoja. Kukiwa na moto utajua. Na nchi hii ya katikati makorongo tunayafahamu. Hata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma iliwahi kukatika pale Kiyegeya Machi 2020, daraja likachukuliwa na maji. Kama lami inaondoka, bomba la plastiki litasalimika vipi?

Kwa hiyo wenye makampuni, ombi langu ni moja. Mkijivunia kwamba mmefika kila kata, tuambieni pia ni kata ngapi zina njia mbili. Na wale mnaowaweka zamu za usiku, wafundisheni maana ya ile taa ya njano. Haigharimu kama kadi mpya.

NA SISI JE?

Washkaji, na sisi tunalo la kufanya. Ukiona waya umechomoza kwenye korongo, usiuguse. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji, wao wapeleke habari. Kuharibu miundombinu ya mawasiliano ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na "sikujua" haikuokoi mahakamani.

Ukitaka kuchimba mtaro wa maji au msingi wa kibanda kando ya barabara, uliza kwanza nani kazika nini hapo.

Meseji ya pesa ikichelewa, usimkabe mtu koo. Kuna uwezekano mkubwa imekwama njiani kama ile ya alizeti. Andikishaneni, shikeni mashahidi, subirini.

Na wenye mama mjamzito nyumbani, hili liwe kubwa kuliko yote. Muwe na laini za mitandao miwili ndani ya nyumba, na dereva mmoja wa kijijini mliyekubaliana naye mapema, anayejua kabisa kwamba akigongewa mlango usiku ni safari. Namba 115 ni nzuri na imeokoa wengi, lakini inapita kwenye uzi ule ule wa kioo.

Mafundi mnaolala kwenye makorongo na tochi mdomoni ili sisi tuchati, heshima yenu. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na nitarudi kwenye umbea wetu wa kawaida. Ninayo ya bwana harusi mmoja wa Area C, usiombe yakukute!